Vitu Vilivyomdondoka Kendrell Mabry

Jumatatu asubuhi, siku mbili baada ya mechi ya kwanza ya msimu, Purvis Odom aliingia uwanjani na toroli lake akakuta mlango wa jikoni umelala kwenye mstari wa yadi thelathini. Ulikuwa mlango wa mbao, wa kijani, na karibu na kitasa rangi ilikuwa imelika kwa mikono ya watu. Odom alikuwa mtunza vifaa wa timu ya Chuo cha Tolliver kwa miaka ishirini na sita. Aliuinua upande mmoja, akaona ni mzito, akaenda kumwita mkata majani. Waliubeba wawili mpaka stoo wakauegemeza ukutani, nyuma ya magunia ya chokaa.

Hawakuwa na haja ya kuuliza ni wa nani. Watu elfu kumi na nane walikuwa wameuona ukitoka. Katika robo ya tatu Kendrell Mabry, beki wa kati, alimfuata mkimbiaji wa upande wa pili akamwingia kwa kichwa, helmeti kwa helmeti, na mlango ukateleza kutoka chini ya helmeti yake kwa ubavu, kama barua inavyotoka kwenye bahasha. Refa aliutazama, akahakikisha hauko kwenye njia ya mpira, akapuliza filimbi mchezo uendelee. Tolliver walishinda 31 kwa 10.

Mji wa Carrow, Alabama, una makanisa kumi na tisa na uwanja mmoja, na unaojaa ni uwanja. Mpira wao ni ule wenye umbo la yai, unaokumbatiwa kuliko kupigwa teke. Timu ya chuo inaitwa Kondoo Dume. Kila helmeti imechorwa pembe mbili zilizojikunja, na kila Jumatatu jioni Kocha Royce Hargett hugawa stika ndogo za pembe, zenye ukubwa wa kucha ya kidole gumba, kwa kila mchezaji aliyemgonga mtu kwa kishindo kilichosikika mpaka majukwaani. Mchezaji huzibandika nyuma ya helmeti yake. Mwenye nyingi hupishwa kwenye foleni ya chakula.

"Nataka nisikie," Hargett aliwaambia vijana wake. "Nisiposikia, hukumgonga. Umemsalimia."

Jumatatu ile Kendrell alipata pembe mbili. Alikuwa na miaka kumi na tisa, mwaka wa pili chuoni, kijana mtaratibu kutoka Pinkard, mwendo wa maili sitini kusini. Alipomaliza kula alimpigia simu mama yake, Vernell, aliyefanya kazi ya kupiga pasi mashuka ya hospitali.

"Mama, nyumba ya bibi jikoni ilikuwa na mlango wa nyuma?"

"Ilikuwa nao, wa kijani. Mliupaka rangi wewe na babu yako, ukaimwaga rangi yote kwenye viatu vya Pasaka. Kwa nini?"

"Nikifikiria pale, naona ukuta tu."

Vernell alitafuta kalamu. Kisha akasema, "Kesho nampigia kocha wako."

Alimpigia. Hargett alikuwa mchangamfu sana. "Kijana ana mambo mengi kichwani," alisema. "Mlango mmoja haumpunguzii kitu. Mimi mwenyewe nimecheza miaka minane, nimegongwa na kugonga, na unanisikia nilivyo mzima." Katika mazungumzo hayo ya dakika nne alimwita Vernell mara Verna, mara Velma.

Mechi ya pili walishinda 24 kwa 7, na Kendrell alidondosha jedwali la kuzidisha la saba. Tarakimu zilikuwa za bati, zikasambaa kwenye majani, na Odom alizifagia usiku mmoja na nusu siku. Arobaini na mbili haikuonekana. Mechi ya tatu, 38 kwa 14, alidondosha mbwa. Alikuwa mbwa wa kahawia, anachechemea mguu wa nyuma, aliyekufa Pinkard miaka kumi na moja nyuma. Mbwa alikimbia uwanja mzima kutoka goli hadi goli na watu wakasimama kumshangilia. Televisheni ilimwonyesha mbwa mara tatu na Kendrell mara moja.

Baada ya kila mechi daktari wa timu alimkalisha Kendrell kwenye benchi na kumuuliza maswali matatu: chuo chake kinaitwaje, kocha wake ni nani, na wiki ijayo wanacheza na nani. Majibu yote matatu yalikuwa yameandikwa kwa herufi kubwa ukutani, mbele ya benchi, kwa ajili ya kutia moyo timu. Kendrell alijibu vizuri. Daktari aliandika: mzima.

Kufikia mechi ya nne watu wa Carrow walikuwa wameshazoea. Siku za mechi hufika tangu alfajiri kwenye maegesho ya uwanja, hufungua nyuma ya pikapu zao, huwasha majiko na kuchoma mbavu za nguruwe mpaka moshi ufunike jengo la maktaba, ambalo hakuna aliyelitafuta. Mwaka ule walianza kuwekeana dau la kreti za bia juu ya kitu kitakachodondoka.

"Mimi nasema friji," alisema mwanamume mmoja aliyevaa pembe za plastiki.

"Friji haipiti shingoni, we."

"Mlango ulipita!"

"Mlango ni bapa, mjinga wewe. Friji ina tumbo kama lako."

Vernell alikuwa akipita hapo, ametoka kwenye basi, kashika mfuko wenye pai ya viazi vitamu. Alisimama. "Huyo mnayemcheka ni mwanangu," alisema.

Wanaume wale walivua kofia zao papo hapo. Mmoja alimletea kiti, mwingine sahani ya mbavu, na yule wa pembe za plastiki alimshika mkono kwa mikono miwili akamwambia bila shaka anajivunia sana. Halafu, kwa adabu, akamuuliza kama nyumbani kwao kulikuwa na friji kubwa.

Kabla ya kila mechi Mchungaji Ledbetter aliwapigisha magoti wachezaji na kuomba ushindi. Upande wa pili nao walikuwa na mchungaji, nao walipiga magoti. Mungu aliombwa mambo mengi katika wilaya ile majira yale, na karibu yote yalihusu yadi. Vernell peke yake, kwenye safu ya kumi na moja, aliomba kitu kingine. Aliomba mtoto wake amkumbuke. Aliomba kwa sauti ndogo ili asimkwaze aliyekaa karibu naye, kwa sababu ombi lake na la jirani yake yasingeweza kujibiwa siku moja.

Wiki ya sita kaka yake Vernell alifariki, na mazishi yakawa Jumamosi. Vernell alimchukua Kendrell nyumbani. Tolliver walicheza bila yeye, hakuna kilichodondoka, na walifungwa 24 kwa 3.

Ilikuwa mechi pekee waliyopoteza msimu ule. Jumapili Mchungaji Ledbetter alihubiri juu ya askari aliyeacha lindo. Duka la matairi liliandika kwenye bango lake kwamba marehemu angeweza kusubiri mpaka Jumapili. Hargett alimpigia Vernell mwenyewe, na safari hii hakukosea jina.

"Wafu hawana ratiba, kocha," Vernell alimwambia.

"Sisi tunayo," alisema Hargett. "Na ufadhili wa masomo wa mwanao, Bi Vernell, huandikwa upya kila mwezi wa sita. Anayetia saini ni mimi."

Jumatatu Vernell alimsindikiza Kendrell mpaka kituo cha basi cha Pinkard, na njia nzima alimshika mkono kama mtoto wa chekechea.

"Acha, mwanangu. Kaa nyumbani. Pale kiwanda cha kuku wanatafuta watu, na jioni unaweza kusoma."

"Mama, nina pembe ishirini na mbili. Tangu chuo kianze hakuna aliyefika thelathini."

"Pembe za karatasi!"

"Wananipisha kwenye foleni, mama. Mimi. Wananipisha."

Vernell alimtazama. "Haya niambie. Ukishuka hapa, unapita wapi kufika nyumbani?"

Kendrell alifikiri kwa bidii. Alitazama barabara upande huu na upande ule. "Basi linajua," alisema, akapanda.

Waliendelea kushinda. 27 kwa 20, na ikadondoka harufu ya mvua kwenye kibaraza, ambayo Odom hakuweza kuizoa, ikabaki eneo la yadi arobaini mpaka Krismasi. 34 kwa 6, na ukadondoka wimbo ambao Vernell alikuwa akimwimbia alipougua surua. Wimbo ulitoka polepole na kuzunguka juu ya majani kama nyuki aliyechoka. Odom aliukimbilia na kopo tupu la biskuti, akaufunika na kulifunga kwa utepe wa gundi. Alipoliweka stoo karibu na mlango, yule mbwa, ambaye Odom alikuwa akimfuga humo, alilala ubavuni mwa kopo hilo na hakuondoka tena.

Ugenini mashabiki waligundua mchezo wao. Kila Kendrell alipokaribia mstari wa pembeni walimpigia kelele kwa pamoja: "Unaitwa nani? Unaitwa nani?" Kendrell alicheka nao, maana alikuwa kijana mwenye moyo mwepesi. Kisha alimgeuzia mgongo mwenzake aliyekuwa karibu, pale jina lilipoandikwa kwenye jezi.

"Nisomee," alisema.

"Mabry, kaka."

"Mabry!" Kendrell aliwajibu mashabiki, na wao wakampigia makofi kwa kejeli. Tolliver walishinda 21 kwa 17.

Mechi ya mwisho ilikuwa nyumbani, dhidi ya Chuo cha Baldree, mahasimu wao wa miaka themanini. Aliyeshinda angekuwa bingwa wa kanda. Zilipobaki sekunde tisa Tolliver walikuwa mbele 17 kwa 14, na Baldree walikuwa na mpira yadi mbili tu kutoka kwenye mstari wa goli. Mkimbiaji wao aliinamisha kichwa akaja. Kendrell naye aliinamisha kichwa akaenda. Kishindo chake kilisikika mpaka kwenye kituo cha mafuta cha barabara kuu, ambako mwuzaji aliangusha chenji.

Mkimbiaji alianguka kabla ya kuvuka mstari. Kutoka kwenye helmeti ya Kendrell alidondoka mwanamke.

Alikuwa na umri wa miaka thelathini hivi, amevaa aproni nyeupe ya kazini na kitambaa cha bluu kichwani, mikono yake ikiwa bado na maji. Aliangukia magoti. Aliinuka, akajifuta mikono kwenye aproni, akaanza kutazama huku na huku kama mtu aliyemwacha mtoto mahali fulani dakika moja iliyopita. Kwenye safu ya kumi na moja Vernell alisimama, kwa sababu alikijua kile kitambaa. Alikuwa nacho bado, kwenye droo ya chini.

Marefa walikutana katikati. Kocha wa Baldree alidai kwamba kwa kuwepo mwanamke yule, Tolliver walikuwa na watu kumi na wawili uwanjani badala ya kumi na mmoja, na hilo ni kosa. Marefa walifungua kitabu cha sheria na kusoma kwa dakika sita. Hatimaye refa mkuu alitangaza kwa kipaza sauti kwamba mwanamke hakuwa na jezi wala namba, kwa hiyo hakuwa mchezaji, kwa hiyo hakuwepo. Uwanja ulilipuka. Watu walimiminika wakang'oa nguzo za goli. Mwanamke alisukumwa huku na kule ndani ya umati, akiuliza kila mtu kitu ambacho hakuna aliyekisikia, mpaka mlinzi mmoja alipoona baridi inampiga akamvisha jaketi la timu na kumpeleka stoo kwa Odom.

Vernell alishuka mpaka mlango wa chumba cha kubadilishia nguo akasubiri. Kendrell alitoka wa kwanza. Helmeti ilikuwa kwapani, ina pembe thelathini na moja, na wenzake walikuwa wamempisha akaoga wa kwanza. Alimwona mwanamke mtu mzima analia ukutani, na kwa kuwa alikuwa amelelewa vizuri, alisimama.

"Shikamoo mama. Pole. Unamtafuta mtu? Nikusaidie?"

"Namtafuta mwanangu," alisema Vernell.

"Anavaa namba ngapi?"

"Hamsini na nne."

Kendrell alitazama kifua chake. "Hata mimi," alisema, akafurahi.

Jumatatu Vernell alikwenda ofisi ya mikataba ya wachezaji, kwa Bi Tinsley, mwanamke mpole mwenye bakuli la peremende mezani. Vernell alisema amekuja kuchukua vitu vya mtoto wake. Alikuwa ameazima pikapu ya jirani kwa ajili ya ule mlango.

Bi Tinsley alifungua faili. Alimwonyesha karatasi ambayo Kendrell aliitia saini akiwa na miaka kumi na saba, siku ile ambayo gazeti la Pinkard lilikuja kuwapiga picha na keki. Chini ya saini ya Kendrell ilikuwapo ya Vernell, yenye mkia mrefu wa furaha. Ukurasa wa sita ulisema kwamba chochote kitakachotokea, kuonekana au kutoka kwa mchezaji wakati wa mchezo ni mali ya chuo, sasa na milele.

"Huu ni mkataba wa kawaida," alisema Bi Tinsley. "Vyuo vyote vinao."

"Na yule mama?"

"Alitoka wakati saa inatembea. Zilikuwa zimebaki sekunde tano."

"Yule ni mimi."

"Hapana, Bi Mabry," alisema Bi Tinsley kwa upole, akimsogezea bakuli. "Wewe uko huru kabisa. Unaweza kwenda popote unapotaka. Ni yule mwingine."

Vernell alitoka akazunguka nyuma ya uwanja mpaka stoo. Odom alikuwa anafunga mlango wa kijani kwa blanketi, tayari kwa kuhamishwa.

"Mzee Odom, hiyo pikapu yangu pale nje haijazimwa. Nisaidie kushika upande mmoja tu. Na umwite na yule mama."

Odom alivua kofia, akaigeuza mikononi. Alikuwa mzee wa kanisa, na kwa wiki kumi alikuwa amempa mbwa nyama za chakula chake mwenyewe. "Bi Vernell," alisema, "nimebakiza miaka miwili nistaafu." Akaivaa tena kofia na kuendelea kufunga kamba.

Chuo kiliweka vitu vyote kwenye Ukumbi wa Heshima, ndani ya kabati la kioo linalofika darini. Mlango ulisimamishwa nyuma. Jedwali la saba lilipangwa kwenye velveti, na pengo kati ya thelathini na tano na arobaini na tisa. Mbwa alipewa mkeka, na kopo la biskuti likawekwa karibu naye. Yule mwanamke mwenye aproni alipewa kiti. Chini ya kila kitu kulikuwa na kibao cha shaba chenye tarehe, jina la wapinzani na matokeo. Cha mwanamke kilisema: Baldree, 17–14. Odom aliandika barua kuomba kioo kitobolewe matundu ya hewa, na baada ya vikao viwili aliruhusiwa matundu mawili.

Mwezi wa sita Hargett hakutia saini. Kendrell hakuweza tena kushika mipango ya mchezo kichwani, na kocha alisema hadharani kwamba uamuzi ule ulimuuma na kwamba alikuwa ameuombea. Hargett mwenyewe aliongezewa miaka mitano. Kendrell aliondoka na mwanamke mwema aliyejitolea kumchukua, akakaa naye Pinkard katika chumba ambacho, kwa bahati nzuri, kilikuwa na nguo za saizi yake.

Kila Alhamisi, siku ya mapumziko ya Vernell, walipanda basi kwenda Carrow. Ukumbi ulikuwa wazi Jumanne hadi Ijumaa, saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni. Kendrell alikaa kwenye benchi mbele ya kabati. Mwanamke wa ndani aliposikia hatua zake aliinuka kwenye kiti, akaja, akaweka kiganja juu ya kioo. Kendrell aliweka chake upande wa nje. Waliweza kukaa hivyo saa nzima. Mdomo wa mwanamke ulikuwa ukisema kitu, lakini matundu yalitobolewa chini, usawa wa mbwa.

"Yule mama ananijua," Kendrell alimwambia Vernell.

"Anakujua sana."

"Na wewe unamjua?"

"Nilimjua," alisema Vernell. "Tulifanana." Akamfungulia Kendrell pai yake, akamkumbusha kuikunja karatasi.

Alhamisi moja ya mwezi wa nane walikuta ukumbini kabati la pili, jipya, limesimama pembeni mwa la kwanza. Lilikuwa tupu, limefutwa vumbi, na taa zake zinawaka. Kibao cha juu kilikuwa kimeshachongwa jina: Javonte Sills. Kabla ya adhuhuri Kocha Hargett aliingia na kijana mrefu mwenye shingo nene, pamoja na mama yake, mwanamke mdogo aliyevaa gauni la kanisani. Hargett aliwaonyesha kabati la Kendrell kitu kimoja baada ya kingine, na kusema kwamba katika historia ya Kondoo Dume hakuna aliyetoa zaidi ya huyu. Alimpa Kendrell mkono, akamwita Kendall. Kisha simu yake ililia akatoka nje kuipokea.

Vernell alimsogelea yule mama. Alimwambia yeye ni nani, na aliyeko ndani ya kioo ni nani, na kijana aliyekaa kwenye benchi ni nani. Alimwambia juu ya ukurasa wa sita. Alimwambia juu ya kituo cha basi. Alisema yote, polepole, bila kulia, na akamshika mkono mpaka mwisho. Mama wa Javonte alimsikiliza kwa heshima kubwa na hakumkatiza hata mara moja.

"Pole sana, dada," alisema. "Nitakuombea." Kisha akatoa simu kwenye mkoba, akamuuliza kama angeweza kuwapiga picha yeye na mwanawe mbele ya kabati lao, na kibao kionekane.

Vernell aliwapiga mbili, kwa sababu katika ya kwanza kijana alikuwa amefumba macho.